Jani Bichi, Jani Kavu

Fundi hakuwa akiuliza gari linaumwa nini. Alikuwa akiuliza limetoka kartie gani. Mteja akijibu Mudzipela, au Nyakasanza, au Lumumba kule chini, Fundi anatikisa kichwa kwa huruma na kumwambia kwamba haulizi mtaa wa mwenye gari, anauliza mtaa wa gari. Kisha anafungua mlango, anaingiza kichwa chote ndani, ananusa viti, anapitisha kidole chini ya zulia, anatazama kioo cha kushoto kama kina mkwaruzo, ndipo anatoa hukumu. Hili ni la Tsukiji, kule Tokyo. Hili ni la Yanaka. Hili, maskini, limelelewa Akihabara, ndiyo maana nyaya zake hazisikilizani.

Mimi nilikaa mlangoni mwa garaji ile na karai langu la mikate ya kukaanga, nikiyasikia hayo kila siku ya Mungu, na nawaambia mapema kwamba sikuamini hata nusu. Tena niseme jambo moja kabla hamjaniweka mahali pasipo pangu. Mimi si muuza mikate. Mimi ni mfanyabiashara wa unga na kabichi. Nilitoka Butembo na mume wangu tukiwa na kamionete yetu nyeupe, ndogo, ya mizigo, ya Kijapani, usukani upande wa kulia, tukaja Bunia kwa sababu Bunia ilikuwa inakula vizuri. Mume wangu akafa kwa homa, kamionete ikabaki. Halafu vita vikaja vikaanza kumeza magari ya watu, nami nikajikuta nakaanga mikate kwenye lango la mtu mwingine. Kamionete ile ndiyo ilikuwa unga wangu, ndiyo ilikuwa karo ya watoto, na ndiyo ilikuwa sauti ya mume wangu ikikohoa asubuhi uani. Kwa hiyo nikimsimulia Fundi ninaisimulia na kamionete, maana nilimkabidhi yeye, na kwa muda mrefu niliapa kwamba ameniibia.

Msiniulize alizaliwa wapi. Watu wa upande huu walisema ni wa upande ule, wa upande ule walisema si wao, naye akawaacha wabishane huku akilegeza nati. Kwa lafudhi hukumkamata. Alisema Kiswahili cha sokoni kama siye wote, na Kifaransa cha vitabu vya magari, ambacho ni Kifaransa chenye majina tu na hakina salamu.

Sasa, mtu ambaye hajafika hata Mahagi alizijua wapi kartie za Tokyo? Alizijua kwenye mlango wa gari. Yale magari yaliyokwisha tumika huko Japani hufika kwetu yakiwa na mabaki ya watu wake: sarafu chini ya kiti, kitambaa, risiti zenye maandishi kama miguu ya kuku. Katika mfuko wa mlango wa gari moja Fundi alikuta karti, yaani ramani, ya mji wa Tokyo iliyokunjwa mara nane, ile ya wageni, majina yameandikwa kwa herufi zetu na kila mtaa umechorewa kapicha kake. Aliitundika juu ya meza yake ya kazi, pale ambapo wengine hutundika Bikira Maria, akaisoma kwa miaka kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

Pale Asakusa pamechorwa taa kubwa nyekundu ya karatasi, kwa hiyo watu wa Asakusa ni watu wa sikukuu, wanapenda kelele na kula barabarani. Tsukiji pana samaki. Watu wake huamka kabla ya wote na hawana subira na mvivu. Jimbocho pana vitabu, mtaa mzima wa vitabu, watu wake huinamisha kichwa na kugonga nguzo. Kappabashi wanauza sufuria na visu tu, hakuna kingine, na Fundi alishangaa watu hao wanakula nini. Ueno pana bustani na tembo. Akihabara pana radio. Ginza pana viatu vya wanawake, na hapo alikunja uso, maana aliwaona watu wa Ginza kuwa wa maringo. Yanaka palichorwa paka amelala juu ya ukuta karibu na makaburi, na huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Alisema ni mtaa wa vichochoro, wa wazee wanaokaa mlangoni na kujua paka huyu ni wa nani.

"Mji moja, Mama," alikuwa ananiambia. "Bote bako mu mji moja. Na hakuna mutu anafanana na mwenzake."

Ubaya ni kwamba hakuishia kwenye karti. Aliletewa siku moja gari lililonuka samaki mpaka mbwa wakalifuata. Akaingiza kichwa, akatoka na macho ya furaha, akatangaza: Tsukiji, bila shaka. Nikamwambia, Fundi, gari hili ni la baba fulani anayeleta samaki kutoka Kasenyi, ziwani, nimemuona kwa macho yangu akipakua. Hakutetereka hata kidogo. Alisema samaki wa Kasenyi ni wa juu. Chini yake kuna samaki mwingine.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyekataza uongo mbele ya gari, kwa sababu, alisema, moteri inasikia, naye mwenyewe akitunga hivyo bila haya. Alinawa mikono kwa majivu na sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa mkate wangu, lakini mkate wenyewe aliuweka juu ya bateri. Nati ikikataa kulegea aliiimbia wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza tu. Ikikataa bado aliitukana. Mashine zote za mji alizijua, na alikuwa hawezi kusafiri ndani ya gari hata kilomita mbili bila kutapika. Kila mahali alikwenda kwa miguu, na begi la funguo begani. Tena aliogopa kuku. Mtu mzima, mabega kama mlango, jogoo akiingia garaji anapanda juu ya pipa.

Lakini kosa lake kubwa, lile linalonifanya nimkumbuke leo, ni la majani.

Baadhi ya magari yalifika na kipande cha sumaku bapa kimebandikwa nyuma, umbo la jani: upande wa kijani, upande wa manjano. Mengine yalikuwa na jani jingine, la rangi ya machungwa na manjano, kama jani la kiangazi. Katika karti hayakuwepo. Mtu mwingine angesema ni mapambo, akayatupa. Fundi aliyabandika kwenye sanduku lake la chuma na kuyafanyia utafiti wa miaka. Akaona kwamba magari ya jani la kijani yamegongwa kila kona, klachi imeungua, taa ya nyuma imepasuka. Magari ya jani la machungwa ni safi, moteri haijachoka, kitini kuna mto mdogo wa kukalia, na mara nyingi chini ya zulia kuna peremende. Kwa hiyo akaamua kwamba hizo ni kartie mbili ambazo waliochora karti walizidharau kwa sababu ziko pembeni ya mji. Akazichora mwenyewe kwa penseli, kulia na kushoto, akaziandika: Jani Bichi na Jani Kavu.

Akawapa na tabia. Watu wa Jani Bichi wana moyo mzuri, lakini wana haraka, pengine ni wakulima waliofika mjini jana. Watu wa Jani Kavu ni wasafi, wapole, wanaogopa vitesi ya tatu, gia ya mwendo, na wanapenda vitu vitamu. Na kwa kuwa aliwahi kuona gari la Jani Kavu limebonyezwa nyuma, akatunga na ugomvi. Alisema kartie hizo mbili hazipendani tangu zamani. Wale wa Jani Bichi huwagonga wale wa Jani Kavu makusudi, na wale wa Jani Kavu huwazibia njia. Alisimulia hayo kwa uzito, na wateja walitikisa kichwa wakisema ndiyo, kumbe hata huko.

Kamionete yangu ilikuwa na jani la kijani mlangoni nyuma. Mume wangu alilipenda, akakataa kulitoa.

Basi vita. Sitawachosha na vita, mnavijua au mmesikia. Nitasema tu kwamba ulifika wakati swali la Fundi likawa swali la mji mzima, ila si la kuchekesha tena. Kijana anakusimamisha kwenye barieri na kukuuliza unatoka kartie gani, na kwa jibu lako anajua kabila lako, au anajifanya kujua. Ukitoka upande huu huvuki avenyu. Ukitoka upande ule huendi soko. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kusalimiana.

Siku moja Fundi alisimamishwa, begi begani, akaulizwa. Akajibu Yanaka. Kijana akauliza Yanaka iko wapi. Fundi akasema iko nyuma ya Ueno. Kijana akamwita mkubwa wake, na mkubwa, ambaye hakutaka kuonekana hajui mji anaoulinda, alikunja uso akafikiri, kisha akauliza kama hiyo Yanaka iko yetu ao iko yao. Fundi akasema kule kuko wazee na paka tu. Walimpiga kofi la shingo kwa kuwapotezea muda, wakamwacha apite. Alinisimulia hayo amesimama, nami nikacheka, nikacheka, mpaka nilipoona kikombe cha maji kinagonga meno yake. Nikamshika mkono kikombe kitulie.

Nilikuwa nimempelekea kamionete, ikisukumwa na vijana wa jirani, wiki ile walipoanza kuchukua magari uani kwa watu. Nilimwambia: ifiche. Akasema tutaona kwanza, neno alilosema kwa kila kitu, hata ukimwambia mvua inanyesha. Halafu risasi zikazidi, nikakimbia na watoto wangu kwenda kulala karibu na uwanja wa ndege, pale kwa askari wa kofia za bluu, siku tatu kwenye matope. Niliporudi nilikuta mambo mawili. La kwanza, Fundi alikuwa amenijengea benchi zuri la matofali pale langoni, la kukalia nikikaanga. Nikamshukuru sana. La pili, kamionete yangu haikuwepo. Yaani bodi lilikuwepo, limekaa chini kwenye matofali bila pine, yaani matairi, bila moteri, bila usukani, tupu kama nyumba iliyohamwa, na ndani yake kuku wangu saba, waliohamia wenyewe.

Niliketi kwenye benchi langu jipya nikalia. Nasema wazi, nililia kama siku ile ya mume.

Alinieleza kwa sauti ya chini, akiwa mbali kwa sababu ya kuku. Gari nzima, alisema, inaibwa. Gari iliyovunjwa vipande na kuwekwa mahali pamoja inaibwa pia. Lakini kama vipande viko kila kartie, mwizi itabidi awe rafiki wa mji mzima, na mwizi wa namna hiyo siku hizi hakuna. Kwa hiyo alikuwa amebeba kamionete yangu kwa miguu, kipande kwa kipande, akaigawa. Pine nne kwa mama mmoja wa samaki, Lumumba. Sanduku ya vitesi kwa katekista, Mudzipela. Demareri, ile piesi ndogo inayoamsha moteri, kwa fundi wa radio, Shari. Katekista na fundi wa radio walikuwa wa pande mbili ambazo siku zile zisingekutana barabarani bila damu.

"Na moteri?" nikauliza.

"Moteri iko na mutu mukali kupita bote. Hakuna mutu atamusogelea."

Nikaelewa kwamba ameipeleka kwa kamanda fulani, kwamba yote yale mengine ni maneno, kwamba nimeuzwa. Kuanzia siku ile sikumpa amani. Kila asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye benchi langu, nilimuuliza kwa sauti ya juu moteri yangu iko wapi, nikawaita wale watu wake wezi, yule mama wa samaki, yule katekista, wote, bila kuwaona hata sura. Yeye aliendelea kunawa mikono.

Wapiganaji walikuja kweli. Mkubwa wao alizunguka bodi, akasema linafaa, atatafuta moteri mahali pengine. Akafungua kapo, kifuniko cha mbele, kwa nguvu. Chini yake kulikuwa na kuku wangu mwekundu, yule mwenye roho mbaya, amelalia mayai, akamrukia usoni. Vijana wake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Fundi alikuwa juu ya pipa. Mkubwa akajifuta shavu, akafunga kapo taratibu, akaondoka, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimuona Fundi akimtazama kuku kwa heshima.

Siku ambazo milio haikuruhusu mtu kutoka, tulijifungia ndani ya garaji, mimi, watoto na yeye. Katikati ya mchana mweupe, tumelala chini, tunasikiliza mabati. Siku moja kama hiyo alishusha kutoka ukutani usukani wa kamionete yangu, ambao kumbe alibaki nao, akauweka mikononi mwangu, akanikalisha juu ya bidoni tupu la mafuta, akapanga matofali matatu mbele ya miguu yangu: klachi, breki na moto. Akasema gari ikirudi nani ataiendesha? Mume wako amekwisha kwenda. Nikamwambia mimi mwanamke wa kabichi, sijui hata kupanda baiskeli. Akasema tutaona kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuendesha. Kwa usukani usio na gari, katika mji usio wangu. Yeye alikaa kushoto kwangu na karti mapajani, watoto nyuma juu ya magunia, na aliniongoza. Sasa umetoka Yanaka, kichochoro chembamba, pole pole, kuna bibi na paka wake. Unaingia Ueno, kanyaga tofali la kati, watoto wanavuka kumtazama tembo. Watoto wangu walinyoosha shingo kumtafuta tembo. Vitesi ya pili. Jimbocho, angalia yule anayesoma akitembea, usimgonge. Sasa Asakusa, kuna sikukuu, subiri. Nje kitu kikubwa kilipasuka, vumbi likashuka juu ya karti, mtoto wangu mdogo akaanza kulia. Fundi akalipuliza lile vumbi, akamwambia ni ngoma za Asakusa, na kwamba mama yake akikanyaga moto kidogo tutafika Tsukiji kabla samaki hawajaisha. Niliogopa mpaka meno, na nilikanyaga moto. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile.

Lakini nisimfanye malaika. Kesho yake nilimuuliza tena moteri iko wapi, akanijibu yaleyale.

Wageni wenye silaha nzito walipokuja kutuliza mji, barieri zikaanza kuondolewa moja moja. Mama wa samaki alikuwa wa kwanza. Alikuja na wenzake watatu, kila mmoja akisukuma pine yake katikati ya barabara kama watoto wa shule, na walikuwa wamezitumia miezi yote kama meza. Zilinuka. Fundi alinusa moja, akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia asithubutu kutamka jina la ule mtaa.

Katekista alifika na sanduku ya vitesi kwenye toroli, imefunikwa shuka. Ilikuwa nyeusi tii. Nyumba yake ilikuwa imeungua na vitabu vyake vyote, akabaki na ile. Alikuwa ameisugua kwa mchanga siku mbili, na akaniomba msamaha kwamba weusi umekataa kutoka. Aliniomba msamaha mimi, niliyemwita mwizi kila asubuhi. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilimpa mikate yote iliyokuwa kwenye karai, na haikutosha.

Ikabaki demareri. Yule fundi wa radio alikuwa amekimbilia kwao Aveba, kusini, wakati mtaa wake ulipovamiwa, na barabara ya huko ilikuwa bado ya hatari. Miezi ikapita. Nikasema basi, hiyo imekwenda. Asubuhi moja akaingia langoni na mkewe, miguu myekundu kwa vumbi, gunia la muhogo kichwani. Akatua gunia, akaingiza mkono kati ya mihogo, akatoa demareri imefungwa kwa kitenge. Mkewe akaniambia, kwa hasira ambayo haikuwa imepoa, kwamba siku waliyokimbia mtu huyu aliacha sufuria zao zote na kubeba chuma cha mwanamke asiyemjua. Alitaka anione tu, alisema, ajue ni nani aliyemkosesha sufuria. Nilikwenda kuleta yangu kubwa nikampa. Aliigeuza, akaichunguza chini, akakubali.

Wanaume wale wawili, katekista na fundi wa radio, walisimama pale garaji siku hiyo hiyo, pande mbili za bodi langu. Hawakukumbatiana, msitarajie hayo. Mmoja alimwomba mwenzake ufunguo namba kumi na tatu, mwenzake akampa.

"Sasa," nikamwambia Fundi, "moteri. Mbele ya watu hawa. Iko wapi?"

"Mama," akasema, "simama kwanza."

Nikasimama. Akachukua nyundo, akavunja benchi langu. Ndani, imefungwa turubai na kupakwa grisi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ilikuwa moteri yangu. Nilikuwa nimeikalia muda wote ule. Nilikuwa nimetukana mji mzima nikiwa nimekaa juu yake. Mutu mukali kupita bote, ambaye hakuna wa kumsogelea, alikuwa mimi. Walicheka wote, na yule mke wa Aveba alicheka kuliko wote mpaka akashikilia sufuria.

Kamionete iliamka siku ya tatu, ikakohoa kile kikohozi cha mume wangu. Fundi akaenda kwenye sanduku lake, akatoa jani la kijani, akalibandika mlangoni nyuma. Gari irudi kwenye kartie yake, alisema. Nikaingia, nikakanyaga, nikagonga ukuta wa choo chake.

"Ni vile," akasema. "Batu ya Jani Bichi ni vile."

Miaka imepita, nimeuza unga, nimesomesha, nimenunua gari la pili. Kamionete bado ninaiendesha mwenyewe, na jani lake. Juzi juzi, kwenye barabara ya Komanda, nilisimamishwa na mama mmoja Mjapani, injinia wa hao wanaotengeneza madaraja. Alikuwa anatazama nyuma ya gari langu na mkono mdomoni. Aliniuliza kwa Kifaransa cha pole pole kama nimeanza kuendesha mwaka huu. Nikasema nimeanza zamani kuliko wafanyakazi wake wengi. Ndipo akanieleza. Jani lile huko kwao si mtaa. Anayeanza kuendesha hulibandika ili wengine wamvumilie. Na lile la machungwa ni la mzee, ili wamvumilie naye. Ndiyo maana ya mikwaruzo. Ndiyo maana ya peremende.

Nilicheka peke yangu mpaka Bunia. Halafu nikamfikiria Fundi, nikaacha kucheka, maana sikujua kama nimwambie.

Nilikwenda kwake hata hivyo. Alikuwa ameacha kazi, macho yamefifia, anakaa Shari mlangoni mwa nyumba ndogo, na kweli kulikuwa na paka. Karti ilikuwa ukutani, haisomeki tena. Sanduku la chuma lilikuwa chini ya kiti chake. Alinitambua kwa moteri kabla sijazima, akasema klachi yangu inalia. Nikamletea mikate, akaomba maji ya kunawa, akanawa mpaka viwiko. Ndipo nikamwambia, kwa sababu mtu aliyenifichia moteri chini ya makalio hastahili kufichwa kitu.

Alisikiliza hadi mwisho. Vidole vyake vikahesabu kitu hewani, nadhani magari.

"Basi si kartie," akasema.

"Si kartie, Fundi. Ni mutu moja. Anaanza na ile, anamaliza na hii."

"Na vita yao?"

"Hakuna vita. Weye ndiye uliileta."

Alianza kucheka, kile kicheko chake cha mabega, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Kumbe hata mimi," akasema. "Hata mimi, Mama. Miaka yote ile nawaambia watu wa barieri Yanaka, Yanaka. Na huku niliwapiganisha babu na mjukuu wake."

Niliinama, nikavuta lile sanduku, nikalitoa jani la machungwa, nikampa mkononi. Alilipapasa kingo zake. Akaniambia lile la kijani nilitoe sasa, muda wangu umepita, nitawadanganya watu barabarani. Nikamwambia bado. Kurudi nyuma sijui vizuri.

"Tutaona kwanza," akasema, akanyanyuka taratibu, akasimama katikati ya uwanja wake, macho yakitazama mahali ambapo gari halikuwepo.

Nikaingia garini, nikawasha. Akainua lile jani juu kama polisi wa barabara, akawa ananiongoza kwa masikio: kulia kidogo, kidogo tena, simama, kuna paka. Nikarudi nyuma nikiwa nimemkazia macho yeye badala ya kioo, na nikaigonga nguzo ya lango lake, ikalala.

Alisubiri vumbi litulie. Kisha akainua jani tena, akaniambia nirudi pale nilipoanzia.